Sakramenti bila padri: Sheria za Kanisa Katoliki na waumini wake nchini Saudi Arabia

Saudi Arabia ndiyo nchi pekee ya Baraza la Ushirikiano la Ghuba isiyo na jengo hata moja la kanisa. Hata hivyo inakadiriwa kuwa Wakatoliki zaidi ya milioni moja wanaishi na kufanya kazi huko. Je, wanabatizwa vipi, wanaoana vipi, na wanaagwa vipi pale padri asipopatikana? Majibu ya maswali hayo yana historia ya karne nyingi, na sehemu ya historia hiyo ilitendeka Afrika Mashariki.

Al-Rawdah ni jina la mtaa ulioko mashariki mwa Riyadh, na pia la mtaa mwingine kaskazini mwa Jeddah. Maana yake ni bustani, na Waswahili wanalijua neno hilo kwa matamshi yao wenyewe, raudha. Katika mitaa yote miwili mgeni atakuta misikiti, shule, maduka na zahanati. Hatakuta kanisa, wala msalaba juu ya paa, wala kengele. Lakini nyuma ya kuta za nyumba za mitaa kama hiyo wamo wafanyakazi wa majumbani, madereva na wauguzi kutoka Ufilipino, India, Kenya, Uganda na kwingineko, na wengi miongoni mwao walibatizwa katika Kanisa Katoliki kabla hawajapanda ndege.

Sheria ya Msingi ya Utawala ya mwaka 1992 inatamka kuwa katiba ya ufalme huo ni Kitabu cha Mwenyezi Mungu na Sunna ya Mtume wake. Ibada ya hadharani ya dini nyingine hairuhusiwi. Serikali imesema mara kadhaa kwamba wasio Waislamu wanaweza kuabudu faraghani majumbani mwao, lakini ruhusa hiyo haikuandikwa katika sheria, na mpaka wake haukuwa wazi. Mwezi Aprili mwaka 2006, kasisi mmoja kutoka India alikamatwa mjini Riyadh baada ya kuadhimisha misa katika nyumba ya mtu binafsi, na siku chache baadaye akaondolewa nchini.

Ukristo wa kale katika Bara Arabu

Hali haikuwa hivyo daima. Najran, mji ulioko kusini mwa Saudi Arabia ya leo, ulikuwa na jumuiya kubwa ya Wakristo katika karne ya sita. Mnamo mwaka 523 hivi waliuawa kwa wingi kwa amri ya Dhu Nuwas, mfalme wa Himyar aliyefuata dini ya Kiyahudi. Wafasiri wengi wa Qur'ani wanawahusisha na watu wa mahandaki wanaotajwa katika Sura ya Al-Buruj, na Kanisa la Roma linawakumbuka kila tarehe 24 Oktoba. Mfalme Kaleb wa Aksum alivuka Bahari ya Shamu na jeshi lake kulipiza kisasi, na hivyo historia ya Ukristo wa Bara Arabu ikafungamana mapema na historia ya upande wa pili wa bahari, yaani Afrika. Karibu na Jubail, kwenye pwani ya mashariki, mabaki ya kanisa la kale yaligunduliwa katika miaka ya 1980.

Utawala wa Kikatoliki wa zama hizi ulianzia Aden mwishoni mwa karne ya 19. Kanisa la kwanza la Kikatoliki katika nchi za Ghuba, la Moyo Mtakatifu, lilifunguliwa Manama, Bahrain, mwaka 1939, wakati mafuta yalipoanza kuwavuta wafanyakazi wa kigeni. Mwaka 2011 Vatican iliyapanga upya majimbo ya eneo hilo. Saudi Arabia ikawekwa pamoja na Kuwait, Bahrain na Qatar katika Vikarieti ya Kitume ya Arabia ya Kaskazini, ambayo makao yake yalihamishiwa Bahrain. Kwa hiyo mfanyakazi Mkatoliki aliyeko Al-Rawdah anaye askofu kwa mujibu wa sheria za Kanisa. Ila askofu huyo yuko ng'ambo ya bahari.

Maji na maneno

Katika mafundisho ya Kikatoliki, sakramenti hazilingani katika mahitaji yake. Ekaristi haiwezi kuadhimishwa pasipo padri. Maungamo na mpako wa wagonjwa pia vinamhitaji padri. Lakini ubatizo, ambao ndio mlango wa sakramenti nyingine zote, una njia ya dharura. Mtaguso wa Florence, katika waraka wake kwa Waarmenia wa mwaka 1439, ulitamka kwamba penye lazima, si padri wala shemasi pekee awezaye kubatiza. Mwanamume au mwanamke yeyote aweza kufanya hivyo, hata mtu asiye Mkristo, mradi atumie maji, atamke maneno yanayomtaja Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, na akusudie kutenda lile ambalo Kanisa hutenda. Sheria za Kanisa za mwaka 1983 zimelishikilia fundisho hilo.

Afrika Mashariki ililijaribu fundisho hilo kwa damu. Wamisionari wa Afrika, wanaojulikana zaidi kama Mapadre Weupe, walifika Buganda mwezi Februari mwaka 1879. Mwezi Novemba mwaka 1882 waliondoka, wakavuka ziwa kwenda kusini, na hawakurejea hadi Julai mwaka 1885. Kwa miaka hiyo karibu mitatu, Wakristo wachache waliobatizwa waliachwa bila misa na bila maungamo. Waliendelea kukutana, kusali na kuwafundisha wenzao. Mapadre waliporejea walikuta wanafunzi wa dini wameongezeka badala ya kupungua. Waliokuwa wakiwaongoza ni walei kama Joseph Mukasa Balikuddembe, mtumishi katika ikulu ya Kabaka.

Balikuddembe aliuawa mwezi Novemba mwaka 1885. Charles Lwanga, aliyeshika nafasi yake ya kuwaongoza vijana wa ikulu, alibatizwa wakati huohuo. Miezi sita baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 26 Mei mwaka 1886 huko Munyonyo, Lwanga alitambua kuwa hukumu ya Kabaka Mwanga imekaribia, na kwamba baadhi ya vijana waliokuwa chini yake hawajapata ubatizo. Padri hakuweza kuwafikia usiku ule. Lwanga akawabatiza yeye mwenyewe, akiwemo Kizito, kijana wa umri wa miaka kama 14. Tarehe 3 Juni walichomwa moto Namugongo. Papa Paulo wa Sita alipowatangaza kuwa watakatifu mwaka 1964, hakuna aliyeuliza cheti cha ubatizo cha Kizito.

Ijumaa badala ya Jumapili

Sheria ya Kanisa inamtaka Mkatoliki ahudhurie misa kila Jumapili. Katika nchi za Ghuba, ambako mapumziko ya wiki yalifuata Ijumaa, Kanisa lilikubali kwa miaka mingi kwamba liturjia ya Jumapili iadhimishwe pia siku ya Ijumaa, ili wafanyakazi waweze kufika. Nchini Saudi Arabia mapumziko yalikuwa Alhamisi na Ijumaa hadi mwezi Juni mwaka 2013, yalipohamishiwa Ijumaa na Jumamosi.

Pale misa isipopatikana kabisa, kanuni ya 1248 inawashauri waumini wakusanyike kwa sala na kusoma Neno la Mungu, au wasali na familia zao. Mwaka 1988 Vatican ilitoa mwongozo maalumu kuhusu ibada za Jumapili pasipo padri. Tangu Mtaguso wa Trento wa karne ya 16 yamekuwapo pia mafundisho juu ya komunyo ya kiroho, yaani kumpokea Kristo kwa tamaa ya moyo pale ambapo mdomo hauwezi kumpokea. Kwa mafundisho hayo, mtu anayesali rozari peke yake jikoni, baada ya watoto wa tajiri wake kulala, hajatengwa na Kanisa.

Lakini hata sala ya pamoja inahitaji siku ya mapumziko. Kanuni za serikali ya Saudi Arabia za mwaka 2013 ziliwapa wafanyakazi wa majumbani siku moja ya kupumzika kwa wiki. Mashirika ya kutetea haki za binadamu yameeleza mara kwa mara kwamba wengi hawakuipata. Hapo suala la teolojia linageuka kuwa suala la mkataba wa kazi.

Ndoa: siri na ushahidi

Ugumu wenyewe unaonekana zaidi katika ndoa. Wengi hudhani kuwa padri ndiye anayefungisha ndoa. Teolojia ya Kanisa la Magharibi inafundisha vingine: bibi na bwana ndio wanaopeana sakramenti hiyo kwa kukubaliana kwao, na padri ni shahidi kwa niaba ya Kanisa. Tangu zama za Papa Alexander wa Tatu, katika karne ya 12, ilithibitishwa kuwa kukubaliana kunatosha. Watu wawili waliweza kuoana shambani au jikoni, bila padri na bila shahidi, na ndoa yao ikawa ndoa.

Madhara yake yalikuwa makubwa. Mwanamume aliweza kumwoa mwanamke kwa siri, akamwacha, kisha akamwoa mwingine hadharani. Mke wa kwanza hakuwa na la kuonyesha. Ndiyo maana Mtaguso wa Trento, kwa amri iitwayo Tametsi ya tarehe 11 Novemba mwaka 1563, uliamuru kwamba pale itakapotangazwa, ndoa isiyofungwa mbele ya paroko na mashahidi wawili haitakuwa halali. Amri hiyo mara nyingi husomwa kama jitihada ya Kanisa kujiongezea mamlaka. Maneno yake yenyewe, hata hivyo, yanamtaja mke aliyetelekezwa. Kitabu cha ndoa cha parokia kilikuwa, pamoja na mengine, kinga ya mnyonge.

Kanuni hiyo ilipofika katika nchi zisizo na mapadri ilizua tatizo la kinyume, kwa kuwa waumini wangeweza kunyimwa ndoa maisha yao yote. Papa Pius wa Kumi alilitatua kwa amri ya Ne Temere, iliyotolewa mwaka 1907 na kuanza kutumika Pasaka ya mwaka 1908. Pale ambapo padri hapatikani kwa muda wa mwezi mmoja, bibi na bwana waliruhusiwa kuoana mbele ya mashahidi wawili tu. Ruhusa hiyo iliingizwa katika sheria za mwaka 1917, na leo ni kanuni ya 1116 ya sheria za mwaka 1983. Inatumika pale ambapo padri mwenye mamlaka hawezi kufikiwa bila usumbufu mkubwa, na hali hiyo inatarajiwa kuendelea kwa mwezi mzima, au pale penye hatari ya kifo.

Usumbufu mkubwa ni nini basi? Mhandisi Mkatoliki anayeishi Khobar anaweza kuendesha gari juu ya Daraja la Mfalme Fahd, lililofunguliwa mwaka 1986 na lenye urefu wa kilomita 25 hivi, akafika Bahrain na kuoa mbele ya altare. Mfanyakazi wa ndani aliyeko Riyadh yuko umbali wa kilomita kama 400 kutoka pwani hiyo, na aliyeko Jeddah yuko mbali zaidi ya mara tatu. Ikiwa tajiri wake amemshikia pasi, jambo ambalo sheria ya nchi inalikataza lakini limekuwa likitendeka, umbali wa kilomita hauna maana tena.

Kwa mtu kama huyo, kanuni ya 1116 yaweza kutimia kikamilifu. Akiwa huru kuoa au kuolewa, na wakiwepo mashahidi wawili, Kanisa litamhesabu kuwa ameoa au ameolewa. Lakini dola halitamhesabu hivyo. Sheria ya Saudi Arabia inaadhibu mahusiano nje ya ndoa inayotambuliwa, na mtoto anayezaliwa pasipo hati ya ndoa ya wazazi wake hupata taabu kusajiliwa. Kina mama wa Kenya na wa nchi nyingine wamekwama huko na watoto wasio na cheti cha kuzaliwa, wasiweze kuwasafirisha kurudi nyumbani. Ndoa iliyo halali mbele ya Mungu haimwokoi mama katika dirisha la uhamiaji. Ubaya uleule uliotajwa Trento, wa mwanamke asiye na la kuonyesha, unarudi kwa mlango wa nyuma, safari hii kupitia kanuni iliyowekwa kwa huruma.

Wodini

Hospitali za Saudi Arabia zimetegemea wauguzi wa kigeni kwa miongo kadhaa, na wengi wao ni Wakatoliki. Kwao maadili ya tiba ni kazi ya kila siku. Katika baadhi ya mambo, dini hizo mbili zinakutana. Mwaka 1982 Baraza la Wanazuoni Wakuu la nchi hiyo lilitoa fatwa ya kuruhusu kutoa viungo vya mwili kuokoa maisha ya mwingine kwa masharti ya ridhaa, na hospitali za ufalme huo zikapiga hatua kubwa katika kupandikiza figo. Papa Yohane Paulo wa Pili alisifu utoaji wa viungo kwa hiari katika hotuba yake ya tarehe 29 Agosti mwaka 2000. Muuguzi Mkatoliki anayemhudumia mpokeaji wa figo mjini Riyadh hana mgogoro na dhamiri yake.

Katika mengine hazikutani. Sheria ya Saudi Arabia inakataza utoaji mimba isipokuwa kwa masharti makali, hasa uhai wa mama unapokuwa hatarini. Kanisa Katoliki halikubali utoaji mimba wa moja kwa moja hata katika hali hiyo, ingawa linakubali tiba inayolenga kumponya mama hata kama mtoto atapotea bila kukusudiwa. Wanateolojia wa maadili, akiwemo Alfonso Maria de Liguori wa karne ya 18, walitofautisha kati ya anayeshiriki tendo kwa kulikubali na anayelisogelea tu kwa kazi yake. Muuguzi anayekataa kumpa daktari vifaa vya tendo hilo anaungwa mkono na waraka wa Evangelium Vitae wa mwaka 1995. Lakini anayeshikilia kibali chake cha kuishi nchini ni mwajiri huyohuyo anayempa amri.

Liko pia swali zito zaidi, linalorudi kwenye maji na maneno. Kanuni ya 868 inasema kuwa mtoto aliye katika hatari ya kifo anabatizwa kihalali hata wazazi wasipotaka. Historia inaonyesha uwezo huo unaweza kufika wapi. Mjini Bologna, mtumishi wa nyumbani alimbatiza kwa siri mtoto wa familia ya Kiyahudi, Edgardo Mortara, akidhani anakufa. Mtoto alipona. Habari zilipowafikia wakuu wa Kanisa, askari wa dola la Papa walimchukua kwa wazazi wake mwezi Juni mwaka 1858, akiwa na umri wa miaka sita, na hakurudishwa. Tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano la mwaka 1965 juu ya uhuru wa dini lilisisitiza kuwa binadamu asilazimishwe katika imani. Muuguzi anayesimama kando ya kitanda cha mtoto wa Kiislamu ana haki ya kumwombea. Kisa cha Mortara kinamfundisha kwamba tendo la siri, hata likitoka katika moyo mwema, laweza kumwangukia asiye na sauti.

Na mgonjwa Mkatoliki anayekufa bila padri? Mpako hawezi kuupata. Kanisa linamfundisha kuwa majuto kamili, yanayotokana na kumpenda Mungu, pamoja na nia ya kuungama pindi itakapowezekana, yanaondoa hata dhambi ya mauti. Mwezi Machi mwaka 2020, makanisa yalipofungwa kote duniani kwa sababu ya ugonjwa wa korona, Idara ya Toba ya Vatican iliwakumbusha waumini wote fundisho hilo. Kwa wiki kadhaa, Roma na Nairobi ziliishi kama Riyadh ilivyoishi miaka yote.

Kitabu cha parokia

Mambo yamebadilika kwa kiasi. Mfalme Abdullah alimtembelea Papa Benedict wa 16 huko Vatican tarehe 6 Novemba mwaka 2007. Mwezi Aprili mwaka 2016 polisi wa dini waliondolewa mamlaka ya kukamata watu. Kardinali Jean-Louis Tauran alipokewa mjini Riyadh na Mfalme Salman mwaka 2018, na mwezi Desemba mwaka huohuo askofu wa Kikopti kutoka Misri aliadhimisha misa mjini humo, na habari zake zikatangazwa waziwazi. Kanisa kuu la Mama Yetu wa Arabia liliwekwa wakfu Awali, Bahrain, mwezi Desemba mwaka 2021, na Papa Francis alisali humo mwezi Novemba mwaka 2022. Upande wa pili wa daraja bado hakuna jengo la kanisa.

Wapo wanaolitaka jengo hilo kwa heshima yake. Historia ya sheria hizi inaonyesha haja nyingine. Imani ya Wakatoliki haikuzimika Buganda kati ya mwaka 1882 na 1885, wala haikuzimika Riyadh. Siri iliweza kuilinda. Lile ambalo siri haikuweza kulinda ni watu: mke, mtoto mchanga, mfanyakazi asiye na pasi. Hao wanalindwa na ushahidi, na ushahidi unahitaji mahali pa kuandikwa.

Sheria ya Kanisa yenyewe inakubali hivyo. Kanuni ya 1121 inawataka walioana bila padri, pamoja na mashahidi wao, wamjulishe paroko au askofu mapema iwezekanavyo ili ndoa iandikwe. Kanuni ya 876 inakubali ubatizo uthibitishwe kwa kauli ya shahidi mmoja mwaminifu. Kwa hiyo mwanamke anayerudi Machakos au Masaka baada ya mkataba wa miaka miwili, bila karatasi yoyote mkononi, anaweza kwenda kwa paroko wake na shahidi wake, akaeleza lililofanyika katika chumba kimoja huko ugenini. Paroko atafungua kitabu, atauliza majina na tarehe, na ataandika.